Kuandika Kabla ya Kutuma

Programu ya wavuti inayotumiwa katika mtaa ambako intaneti hununuliwa kwa bando ndogondogo, na ambako umeme hukatika bila taarifa, haiwezi kuihesabu seva ya mbali kuwa mahali pekee pa kumbukumbu zake. Hiyo ndiyo hali ya Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambayo wakazi wake wengi huifikia intaneti kwa simu na huzima data kwa makusudi ili bando ifike jioni. Kwa sababu hiyo, ufundi wa kuhifadhi na kusoma data ndani ya kivinjari, yaani ndani ya programu ileile inayoonyesha kurasa za wavuti, unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa na wengi wanaofundisha utungaji wa programu, ambao aghalabu huutaja mwishoni mwa somo kana kwamba ni pambo.

Mwanzoni kivinjari hakikuwa na kumbukumbu ya aina hii. Vidakuzi, vipande vya maandishi ambavyo tovuti huviacha kwa mgeni wake ili imtambue akirudi, vilibuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994. Kimoja huchukua takriban kilobaiti 4 tu, tena husafiri kwenda kwenye seva kila ombi linapotumwa, na safari hizo hulipiwa na mwenye bando. Baadaye ikaja hifadhi iitwayo localStorage, ambayo hubaki simuni, huchukua takriban megabaiti 5 kwa kila tovuti, na hupanga data kwa jozi za ufunguo na thamani, ufunguo ukiwa jina la kuitia data na thamani ikiwa ni maandishi matupu. Kwa kuwa haipokei kingine, rekodi yenye sehemu nyingi sharti igeuzwe kuwa maandishi inapowekwa, na irudishiwe umbo lake inaposomwa.

Sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa siku hizi hujengwa kwa vijenzi, yaani vipande vinavyojitegemea, kama vile fomu ya ziara au orodha ya kaya. Kijenzi kikiondolewa kwenye skrini hupoteza yote kiliyokuwa kikiyakumbuka, kwa hivyo fundi mzuri hukizoeza kuisoma hifadhi mara tu kinapopachikwa kwenye ukurasa, na kuandika humo mtumiaji anapotulia kidogo, si kwa kila herufi anayoichapa, kwa maana localStorage huzuia kazi nyingine za ukurasa hadi uandishi ukamilike, na katika simu ya bei nafuu kusita huko huonekana. Pana pia mtego ambao wafunzi huupita mbio: hifadhi hiyo ikibadilishwa, kivinjari huvitangazia habari vichupo vingine vya tovuti ileile, lakini hakikitangazii kichupo kilichoandika, hivyo fomu yaweza kuhifadhi kaya mpya huku orodha iliyo kando yake ikishikilia idadi ya jana. Dawa yake ni kuiwekea hifadhi bawabu mmoja, ambaye vijenzi vyote huandika kupitia kwake naye huvijulisha vyote kilichobadilika.

Hata hivyo, fundi hupimwa zaidi katika kusoma. Anayeandika anajua anachokiweka, ilhali anayesoma huenda akakuta rekodi iliyoachwa na toleo la programu la miezi iliyopita, lenye majina mengine ya sehemu, au asikute chochote kwa kuwa mwenye simu amefuta data apate nafasi ya picha. Kivinjari chenyewe kinaweza kufuta: Safari ya Apple, tangu 2020, huondoa data ya namna hii endapo mtumiaji amekitumia kivinjari kwa siku 7 bila kuigusa tovuti husika. Kijenzi kinachodhani kwamba kitu kipo, na kwamba kiko sawa, kitamwonyesha mtumiaji ukurasa mweupe.

Mfano bora wa ufundi huu nchini Kenya uko katika afya. Mnamo Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park, Rais William Ruto alizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao huzuru kaya na kuingiza taarifa zao kwa simu katika mfumo uitwao eCHIS. Mfumo huo umejengwa juu ya Community Health Toolkit, zana huria inayosimamiwa na shirika la Medic, ambayo simuni ni programu ya wavuti iliyofungashwa kama programu ya Android. Humo hutumika IndexedDB, hifadhidata iliyomo kivinjarini, inayopokea rekodi katika umbo lake bila kuzuia kazi nyingine. Juu yake kuna maktaba ya programu iitwayo PouchDB, inayozungumza na hifadhidata ya CouchDB iliyo kwenye seva. Mhamasishaji akiingia mara ya kwanza, simu hupakua rekodi za eneo lake pekee, na tangu hapo anaweza kufanya kazi Laini Saba au Gatwekera kule Kibera, au Gatina kule Kawangware, bila mtandao, kila fomu ikiandikwa simuni kwanza na kutumwa mtandao ukipatikana. Hadi itakapotumwa, rekodi ya mtoto aliyepatikana na homa haiko popote pengine duniani. Rekodi moja ikibadilishwa pande mbili, CouchDB huteua toleo la kuonyesha kwa kanuni ileile kila mahali, na huhifadhi lile jingine hadi mtu aamue. Wasimamizi wa zana hiyo hushauri simu moja isipitishe hati 10,000, hivyo kuna utaratibu wa kuziondoa simuni za zamani huku seva ikizibakiza. Kujua cha kuondoa nako ni ufundi.

Linalobaki ni siri za watu. Hifadhi za localStorage na IndexedDB hazifichi data kwa yeyote aliyefaulu kuifungua simu na programu yake, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huihesabu data ya afya kuwa nyeti. Kufuta kila kitu mtumiaji anapotoka huonekana kuwa jawabu, ila kwafaa pale tu ambapo hakuna fomu inayosubiri kutumwa. Programu inayofuta bila kuangalia imelinda siri kwa kuiangamiza kazi ya siku nzima. Wanaoagiza programu kwa ajili ya mitaa hii, kabla ya kulipa, waizime data, waijaze fomu nusu, waizime simu na kuiwasha tena, kisha watazame kama fomu ingalipo.