Mtahiniwa, Mwongozo na Matini: Nini Kisomwe kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili?

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya humwuliza mwalimu wake wa Kiswahili, ni machache yanayorudiwa kama hili: asome nini ili apite? Wanataaluma wa fasihi wameliona swali hili kuwa dogo, hata la kibiashara, na wamewaachia wachapishaji wa miongozo walijibu. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la kihakiki, kwa kuwa anayeamua kitakachosomwa huamua pia maana ya kusoma. Kwa hivyo inafaa kuchunguza kile ambacho Karatasi ya Tatu ya mtihani wa KCSE, yaani karatasi ya fasihi, inakidai hasa, kile ambacho watahiniwa hukisoma badala yake, na chanzo cha pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili.

Mtihani huu ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na watahiniwa wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4, mfumo ulioanzishwa mwaka 1985 na uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Kabla ya hapo, aliyetaka kuingia chuo kikuu alisoma miaka miwili zaidi baada ya kidato cha nne. Kwa kuondolewa miaka hiyo, mtihani mmoja ulitwikwa kazi mbili: kuhitimisha masomo ya sekondari na kuwachuja watakaoingia chuo kikuu. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwani mtihani unaochuja hutaka majibu yanayoweza kulinganishwa, na majibu yanayolinganishwa kwa urahisi zaidi ni yale yaliyokatwakatwa yakawa hoja.

Umbo la Karatasi na Umbo la Usomaji

Karatasi ya fasihi ina alama 80 kati ya 200 za somo zima, yaani mbili kwa tano. Mtahiniwa hujibu maswali manne kwa muda wa saa mbili na nusu. Kila swali lina alama 20 na hutengewa dakika 37 hivi. Swali moja ni la lazima, na mengine huchaguliwa kutoka sehemu zilizosalia, mradi mawili yasitoke katika sehemu moja. Sehemu zenyewe ni riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Tatu za kwanza zina vitabu vilivyoteuliwa. Mbili za mwisho hazina, kwani shairi huchapishwa katika karatasi yenyewe, na fasihi simulizi hutahiniwa kwa jumla.

Umbo hili halina kosa kubwa. Swali la dondoo, kwa mfano, humtaka mtahiniwa atambue msemaji, msemewa, mahali na sababu ya usemi, kisha aunganishe usemi huo na kazi nzima. Aliyeisoma kazi kwa makini hahitaji msaada mwingine, kwani anaisikia sauti ya mhusika. Hata hivyo, kwa kuwa muktadha wa dondoo hupewa alama nne zinazojulikana mapema, imezuka desturi ya kukusanya dondoo zinazobashiriwa na kuzihifadhi pamoja na majibu yake. Kipimo kilichokusudiwa kuthibitisha kwamba kitabu kimesomwa kimegeuka kuwa njia ya kuepuka kukisoma. Umbo la karatasi limezaa umbo la usomaji.

Majisifu Mikononi mwa Mwongozo

Mfano bora wa hasara inayotokea ni riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa katika muongo wa 2010. Katika riwaya hii, kijana Amani ameandika mswada ambao Majisifu ameuiba na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Mswada huo ulioibwa unaitwa Kidagaa Kimemwozea.

Miongozo, kwa jumla, humshughulikia Majisifu kwa kuorodhesha sifa zake: ni mlevi, ni mwizi wa maandishi, ni mwenye majuto. Hufuata umuhimu wake: anaendeleza maudhui ya uozo wa jamii. Orodha hii haina kosa, na mtahiniwa akiinakili atapata alama. Kinachokosekana ni swali ambalo riwaya yenyewe inamtupia msomaji. Ikiwa jina la kitabu kilichoibwa ndilo jina la kitabu kilichomo mikononi mwa mwanafunzi, basi mwanafunzi huyo anasoma kazi ya nani? Anwani inayotokana na msemo wa kuharibikiwa na mambo inamhusu Majisifu, inamhusu ndugu yake Mtemi Nasaba Bora, na papo hapo inakihusu kitabu kama kitu kinachoandikwa, kinachoibwa, kinachosifiwa na kusomeshwa. Riwaya inaitahini shughuli ya fasihi yenyewe.

Kinaya ni kwamba maelfu ya watahiniwa waliifikia riwaya inayolaani kuchukua maneno ya mwingine na kuyatia jina lako kwa kuhifadhi maneno ya mwandishi wa mwongozo na kuyatia nambari zao za mtihani. Aliyeisoma matini angeweza kukiona kinaya hicho, lakini aliyesoma mwongozo peke yake hakuwa na njia ya kukijua, kwa kuwa hakimo katika orodha ya sifa za mhusika.

Hali kadhalika majina. Nasaba Bora, Majisifu, Amani, Imani na Madhubuti hutajwa chini ya istilahi ya majazi, zikapewa alama zake, na mjadala ukafungwa. Lakini majina haya hayafanyi kazi moja. Jina la Amani linaafikiana na mwenendo wake. Jina la Nasaba Bora ni dai ambalo vitendo vyake vinalikanusha. Na mtoto mchanga anayeachwa mlangoni pa Amani anaitwa Uhuru, naye anakufa. Kuyaweka yote katika kapu moja la majazi ni kuupoteza mvutano baina ya jina linalosema kweli, jina linalosema uongo na jina linalotiwa kaburini. Istilahi iliyopaswa kufungua mlango imeufunga.

Tamthilia Isiyoonekana

Tamthilia hudhurika kwa namna nyingine, kwani husomwa kama riwaya iliyokosa maelezo. Katika Kigogo ya Pauline Kea, iliyoteuliwa baadaye, Sudi anaonekana katika karakana ya Soko la Chapakazi akichonga kinyago cha shujaa, hali utawala wa Majoka katika Sagamoyo unataka vinyago vya kusherehekea uhuru. Mwongozo utasema kwamba kinyago ni ishara. Ni kweli, lakini kabla ya kuwa ishara kinyago hicho ni kitu kilichopo jukwaani. Hadhira inakiona kikichongwa, inasikia mgongano wa chombo na gogo, na inasubiri kujua sura itakayojitokeza. Ukinzani wa Sudi ni kazi ya mikono inayoendelea wakati wengine wanazungumza, na maelekezo ya jukwaa, ambayo watahiniwa huyaruka, ndiyo yanayoubeba.

Ndivyo ilivyo pia katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001). Kwamba Mwelusi anauawa kisimani, na kwamba mwuaji ni ndugu yake Gege, hujulikana na kila mtahiniwa. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini mauaji yafanyike hapo, mahali ambapo jamii nzima hupata maji na ambapo hakuna anayepaswa kumwogopa mwenzake. Swali hilo humjia anayeiona Butangi mbele ya macho yake. Mwanafunzi aliyeshiriki kusoma onyesho moja kwa sauti darasani, akisimama na kuketi kama mhusika, amejiandaa kwa mtihani kuliko aliyenakili kurasa kumi za maudhui.

Ushairi na Fasihi Simulizi

Katika ushairi hakuna kitabu cha kukariri, kwa hivyo hukaririwa istilahi. Mtahiniwa huingia chumbani na inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi, akizitafutia mifano. Akikutana na neno ‘mato’ mahali pa ‘macho’, ‘ndia’ mahali pa ‘njia’, au ‘nti’ mahali pa ‘nchi’, huenda akaandika kwamba mshairi ametumia tabdila ili kukidhi mahitaji ya kiarudhi. Lakini maneno hayo ni ya kawaida katika lahaja za kaskazini, zikiwemo Kimvita na Kiamu. Mshairi wa Mombasa au Lamu anayeyatumia hakubadilisha chochote. Anayeona badiliko ni yule anayechukulia Kiswahili sanifu, chenye msingi wake katika Kiunguja, kuwa ndicho chanzo, na ushairi wa Mvita na Amu kuwa ndio uliopotoka.

Hapa kosa la mtahiniwa linafichua kosa la nadharia. Dhana ya uhuru wa mshairi, ikifundishwa bila historia ya lahaja, huugeuza urithi mkongwe wa ushairi wa Kiswahili kuwa orodha ya ukiukaji. Kinachopaswa kusomwa ni mashairi yenyewe, mengi na kwa sauti, mpaka sikio lijue lenyewe mizani kumi na sita inapogawika nane kwa nane na kina cha kati kinapotua. Sikio lililofunzwa litajua neno lilipofupishwa na lilipokuja kama lisemwavyo kwao mshairi.

Kuhusu fasihi simulizi inatosha kutaja jambo moja. Watahiniwa huulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti wa nyanjani: mbinu za kukusanya data, manufaa yake na vikwazo vyake. Wengi hujibu vyema, na hawajawahi kukusanya kitendawili kimoja kutoka kwa nyanya zao. Ni sawa na kueleza faida za kuogelea kwa mtu asiyewahi kulowa.

Asili ya Mwongozo

Itakuwa dhuluma kumlaumu mtahiniwa. Katika shule nyingi nakala za vitabu teule hazitoshi, madarasa ni makubwa, na kwa mwanafunzi asiyezungumza Kiswahili nyumbani mwongozo huwa kamusi na mwalimu wa ziada. Wala si haki kumlaumu mwalimu ambaye kazi yake hupimwa kwa alama za wanafunzi wake.

Inapasa kuulizwa miongozo imetoka wapi. Mgawanyo wa fani na maudhui, mpangilio wa dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, haukubuniwa na wachapishaji. Ulilelewa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, katika tahakiki zilizoandikwa kwa nia njema ya kuwapa wasomaji wa Kiswahili istilahi zao wenyewe. Kilichokuwa chombo cha kuanzia uchunguzi kikawa kikomo chake. Isitoshe, wahadhiri ni miongoni mwa waandishi wa miongozo, na ni wahadhiri hao hao wanaolalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajui kusoma. Mwanafunzi anayekabidhi insha iliyo na vichwa vidogo vya sifa na umuhimu anairudishia idara kile ilichokipanda.

Hitimisho

Asome nini, basi, mtahiniwa? Asome kitabu teule kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mara ya kwanza kwa ajili ya kisa na mara ya pili kwa ajili ya lugha. Asome tamthilia kwa sauti pamoja na wenzake. Asome mashairi asiyoambiwa ayasome. Aulize nyumbani methali na vitendawili, aviandike. Istilahi zije baada ya hayo, kama majina ya vitu alivyokwisha kuviona. Mwongozo, ikiwa ataupata, usomwe mwisho, na asisite kubishana nao. Hakuna katika ushauri huu kinachopingana na mtihani, kwani dondoo, insha na shairi lisilofahamika vyote humfaa zaidi msomaji wa matini.

Suala hili lina uzito wa wakati. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wanatarajiwa kuufanya mtihani wa KCSE mwaka 2027, na madarasa ya shule ya upili chini ya mtaala wa umilisi yalianza mwaka 2026. Katika mtaala huo Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua. Kwa takriban miaka arubaini kila mwanafunzi wa sekondari nchini alilazimika kukutana na riwaya ya Kiswahili, hata kama alikutana nayo kwa kupitia mwongozo. Lazima hiyo inapoondoka, fasihi italazimika kuchaguliwa kwa kupendwa, na orodha ya sifa za wahusika haijawahi kumfanya mtu akipende kitabu. Idara zinazosubiri wanafunzi hao zina wajibu wa kuanza na miongozo ziliyoiandika zenyewe.