Kidole Gumba Kilichoshika Kazi ya Dramu

Katika miaka ya 1960, Larry Graham alikuwa akipiga muziki na mama yake, Dell, kwenye kumbi za eneo la San Francisco. Mama aliimba na kupiga piano. Walipobaki bila mpiga dramu, kijana akaanza kuugonga uzi mnene wa besi kwa kidole gumba pale ambapo dramu kubwa ya mguu ingelia, na kuuvuta uzi mwembamba kwa kidole cha shahada, kisha kuuachia uchape shingo ya gitaa, pale ambapo ingelia sneya. Alikuwa akiziba pengo. Miaka michache baadaye, akiwa na bendi ya Sly and the Family Stone, pengo hilo lililozibwa likawa mtindo unaoitwa slapu.

Hata kabla yake, mwaka 1954 huko Memphis, Bill Black aliichapa besi kubwa ya kusimama akiwa na Elvis Presley na Scotty Moore. Studioni hapakuwa na dramu. Kwangu hilo si jambo la kupita: slapu huzaliwa penye dramu iliyokosekana, na anayejifunza bila kuisikia dramu kichwani huishia kutoa makelele.

Sasa mkono wenyewe. Gumba halisukumi uzi. Kifundo cha mkono ndicho kinachozunguka, kama mtu anayefungua mlango kwa ufunguo, na ubavu wa gumba, penye mfupa, hutua pale shingo inapoishia. Uzi hujigonga kwenye vyuma vya shingo, yaani freti, na chuma hicho kwa chuma ndicho chanzo cha ule mlio mkali. Gumba likikawia juu ya uzi, sauti hufa. Liruke papo hapo, kama kiganja kinavyoiachia ngozi ya ngoma.

Wengi huhangaika na mkono wa kulia, lakini naamini ugumu wote uko kushoto. Vidole vya kushoto vikilala juu ya nyuzi bila kuzibana, pigo hutoa mkwaruzo usio na nota, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayojaza nafasi kati ya nota na kuufanya mdundo utembee. Anza hapo: metronomu kwenye 60, nyuzi zote zimezimwa, gumba kwenye pigo la 1 na la 3, kidole cha shahada kwenye la 2 na la 4. Mikono ikishakubaliana, weka nota: freti ya 3 ya uzi wa E, halafu okteva yake, freti ya 5 ya uzi wa D.

Kwenye roki kuna tatizo jingine. Gitaa lenye sauti iliyokwaruzwa hujaa katikati na kumeza kila kitu. Mwaka 1989 bendi ya Red Hot Chili Peppers ilipoirudia "Higher Ground" ya Stevie Wonder, ambaye mwaka 1973 alipiga besi yake kwa kinanda cha Moog, mpiga besi wao, Flea, aliufungua wimbo kwa slapu, masikio yakamshika kabla gitaa halijaingia. Ni mpangilio wa busara sana. Busara zaidi ilikuja mwaka 1991, kwenye albamu yao *Blood Sugar Sex Magik*: Flea aliipunguza mno slapu. Chad Smith alikuwa tayari amekaa kwenye dramu, akigonga kwa nguvu, na besi ya wimbo "Give It Away" ikapigwa kwa vidole vinavyoteleza kwenye shingo.