Taswira Iliyolala Ndani ya Diski

Mvua ya Tukuyu, ambayo huanza Novemba na aghalabu hainyamazi hadi Mei, imezoea kuondoka na umeme. Na jioni moja ya Aprili iliondoka nao ilhali kompyuta yangu ilikuwa ikiandika hesabu za majani ya chai, na uliporejea nikaikuta Linux imegoma kuwaka, ikilalama kwamba patisheni yake ya pili imeharibika. Flashi sikuwa nayo, na maduka yalikwisha fungwa. Walakini katika patisheni ya tatu nilikuwa nimeweka akiba faili moja, taswira ya mfumo wa uokozi uitwao SystemRescue.

GRUB, ambayo huamka kabla ya Linux na ndiyo iiitayo, haina haja ya kuipandisha patisheni, huisoma tu. Nilibonyeza c, nikaandika loopback loop (hd0,3)/systemrescue.iso, na faili likafunguka mbele yake mithili ya diski kamili. (Hadhari: hapo diski huhesabiwa kuanzia sifuri, ilhali patisheni huhesabiwa kuanzia moja, taksiri hiyo ilinila robo saa.) Nikapakia keneli na initrd kutoka ndani ya taswira, nikaamuru boot, mistari ikateremka, kisha ikasimama: mfumo haukuiona diski yake.

Sisi wa wilaya hii ya Rungwe tunalo Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, la mwamba wa volkano, ambalo aliyelivuka hulikuta palepale arudipo. Daraja la GRUB huvunjika nyuma ya mvukaji. Keneli ikishashika hatamu, ile loop haipo tena, wala keneli haina habari kwamba ilitoka ndani ya faili. Sharti iambiwe upya, kwa lugha yake yenyewe. Basi katika mstari wa linux, baada ya archisobasedir=sysresccd, niliongeza img_dev=/dev/sda3 img_loop=/systemrescue.iso, na safari hii ikafika.

Lau taswira ingalikuwa katika patisheni ileile mbovu, ningaliongeza copytoram, ili mfumo wote uhamie kwenye kumbukumbu na patisheni iachiwe. Maana patisheni iliyopandishwa haitengenezwi.

Niliendesha e2fsck -f /dev/sda2, nikajibu y mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Hesabu za chai nilizikuta katika lost+found, zimepoteza jina, zikiitwa kwa alama ya reli na nambari.