Kerneli ya 2016 Ndani ya Mashine za Miaka Thelathini

Kompyuta inayoongoza ishara za reli haibadilishwi kama simu. Ikishafungwa, hutarajiwa kufanya kazi miaka 20, pengine 30. Linux iliyomo ndani yake huzeeka mapema zaidi: kiini chake, kerneli 4.4, kilitoka Januari 2016, na viraka vyake rasmi vikakoma Februari 2022.

Pengo hilo ndilo lililozaa Civil Infrastructure Platform, mradi ulioanzishwa Aprili 2016 chini ya Linux Foundation, Siemens, Hitachi na Toshiba wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Uliahidi kuitunza 4.4 hadi Januari 2027.

Kerneli ina mamilioni ya mistari ya msimbo, na watunzaji ni wachache. Kampuni wanachama zikawasilisha faili za usanidi za vifaa vyao, zikionyesha sehemu zinazotumiwa kweli. Watunzaji hushughulikia hizo, nyingine huziacha. Sharti lao jingine ni gumu zaidi: kiraka hakiingii 4.4 kabla hakijakubaliwa kwenye kerneli kuu. Mwenye haraka huliona usumbufu. Hata hivyo, hapo ndipo mradi ulipopata nguvu, kwa sababu anayejirekebishia peke yake hubaki na kerneli isiyojulikana na mtu mwingine, na siku ya kuhamia kerneli mpya hubeba mzigo wote mwenyewe. Baada ya 2022, watunzaji waliendelea kuchota viraka vya matoleo mapya na kuvirekebisha vikubaliane na msimbo wa zamani.

Viraka vina kikomo, na kikomo hicho kina tarehe.

Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na haiwezi kuvuka 2,147,483,647. Hesabu hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, saa itarudi mwaka 1901. Msanidi wa kerneli Arnd Bergmann na wenzake walipitia kerneli kipande kwa kipande kwa miaka kadhaa, hadi toleo 5.6 la Machi 2020 likaweza kuivuka tarehe hiyo kwenye biti 32. Mabadiliko mapana kiasi hicho hayaingizwi 4.4 kama kiraka.

Kwa hiyo kifaa cha biti 32 kilichofungwa 2016 kwa matumizi ya miaka 25 lazima kihamie kerneli mpya. Maktaba ya C nayo ibadilishwe (glibc iliweka saa ya biti 64 katika toleo 2.34, Agosti 2021), programu zijengwe upya, na faili zilizohifadhi tarehe kwa biti 32 zigeuzwe. Uhamisho huo unafaa uanze wakati wahandisi waliokijenga kifaa bado wako kazini.