Hukumu ya Kidole

Mwandiko ni chombo, na chombo husifiwa na mwenye kukitumia. Kanuni hii ni nyepesi kutamkwa, lakini ilisahauliwa na watu wema walioanza kuwafundisha wasioona kusoma.

Valentin Haüy alifungua shule ya vipofu mjini Paris mwaka 1785. Vitabu vyake vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Jicho liliziona nzuri. Kidole kilizipapasa kwa taabu. Tena mwanafunzi aliweza kuzisoma polepole, lakini kuziandika mwenyewe kulimshinda. Alipewa sikio la elimu, akanyimwa ulimi wake.

Charles Barbier alileta nukta badala ya mistari. Wazo lilikuwa jema, ila alama yake yenye nukta 12 ilipita upana wa ncha ya kidole, nayo ilionyesha sauti za maneno, si tahajia. Louis Braille, kipofu tangu utoto na mwanafunzi wa shule ile ile, alizipunguza zikawa 6, akautangaza mwandiko wake kitabuni mwaka 1829. Nukta hizo hutoa alama 63, na kila alama hutosha chini ya kidole kimoja. Hata hivyo shule iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya kufa kwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, mwandiko huu hauna ila? Unazo. Vitabu vyake ni vinene. Atumiaye kibao na kalamu ya kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, ili nukta zisomeke sawasawa karatasi ipinduliwapo. Kinyume hicho humlemea mwanafunzi mchanga, na hapo ndipo subira ya mwalimu hupimwa.

Kwetu Kenya, ambako shule ya vipofu ya Thika ilianza mwaka 1946, wako wasemao siku hizi kwamba mashine zisomazo kwa sauti zatosha. Mashine hizo ni msaada mkubwa, lakini kauli hiyo yarudia kosa la Paris. Asikiaye neno ng'ombe hajui kwamba lina ritifaa mpaka aiguse, wala hajui mkato huwekwa wapi.

Basi, msomaji kijana, ukitaka kujua thamani ya mwandiko huu, usimwulize autazamaye. Mwulize yule aandikaye barua ya siri yake bila kuazima mkono wa mtu.