Alibaki Mjane: Kitenzi cha Utendaji na Kishirikishi Mbele ya Mhakiki

Suala linalojadiliwa hapa lilizuka katika shule moja ya upili huko Ekerenyo, Nyamira, nilipokuwa nikikagua mazoezi ya ualimu. Somo lilikuwa la Kiingereza. Mwalimu alieleza kwamba kitenzi "taste" kina tabia mbili: mpishi akionja mchuzi, anatenda, mchuzi ukiwa mchungu, kitenzi hichohicho kinaunganisha tu mchuzi na uchungu wake. Akawapa wanafunzi kipimo: ondoa kitenzi, tia "is" au "was" mahali pake, sentensi ikisimama, ulichokiondoa ni kiungo. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha Kiswahili. Msichana mmoja akauliza iwapo "alibaki" katika "Alibaki mjane" ni kitenzi cha utendaji. Akajibiwa kwamba vishirikishi ni "ni", "si", "yu", "ndi-" na "kuwa", basi. "Baki" ni kitenzi kikuu. Ninadai kwamba shaka ya msichana ilikuwa na msingi, na kwamba kosa la jibu alilopewa limeenea hata katika tasnifu tunazozisahihisha.

Chanzo cha kosa hilo hakifichiki. Pale ambapo Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kazi mbili, Kiswahili aghalabu huwa na maneno mawili: tunanusa ua, nalo ua linanukia, tunamtazama mgonjwa, naye anaonekana dhaifu. Kwa hivyo tumezoea kuamini kwamba aina ya kitenzi imo ndani ya neno lenyewe. Lakini "Aligeuka akanitazama" si sawa na "Aligeuka kiziwi", wala "Alitoka nje" si sawa na "Alitoka mshindi". Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni uhusiano wake na kinacholifuata.

Kiswahili, zaidi ya hayo, kina kipimo chake ambacho hakihitaji kuazimwa: upatanisho. Mzee alibaki mpweke, wazee walibaki wapweke. Kisima kilibaki kitupu, visima vilibaki vitupu. Kijalizo kinamfuata kiima kwa ngeli na idadi, kama kifanyavyo baada ya "kuwa". Katika "Wazee walibaki sokoni" hakuna upatanisho wa namna hiyo. Nakiri kwamba kipimo hiki kina mipaka: "kimya" katika "Walikaa kimya" hakibadiliki kamwe, na hapo hatuna budi kurejelea maana.

Isitoshe, mwanafunzi wa Ekerenyo huja darasani na lugha ambayo haiuchori mpaka huu kwa ukali. Katika Ekegusii kishirikishi ni sauti n- inayogandamana na neno, kama katika "ninki", yaani ni nini. Na sauti hiyo hutokea pia mbele ya vitenzi halisi msemaji anapokazia kauli yake. W. H. Whiteley, aliyekichunguza pia Kiswahili kwa kina, alichapisha utafiti wake kuhusu njeo za Ekegusii mwaka 1960. Ni ajabu kwamba idara zetu za Kiswahili hazijaunufaikia vya kutosha.

Je, haya yanamhusu nini mhakiki? Yanamhusu mno. Imekuwa desturi kupima nguvu ya mhusika wa kike kwa kuhesabu vitenzi anavyopewa. Mtafiti huorodhesha "aliolewa, alibaki mjane, aligeuka ombaomba, aliishia mtumwa wa shemejiye", kisha huhitimisha kwamba mwandishi amemchora mwanamke mtendaji. Hesabu hiyo ni batili. Cha kwanza ni kauli ya kutendwa. Vitatu vilivyosalia vinamvisha hali moja baada ya nyingine. Mwanamke huyo hajatenda lolote katika orodha nzima. Makosa ya sarufi hapa yamezaa hukumu ya uongo juu ya riwaya, na pengine juu ya mwandishi wake.

Kinyume chake, kishirikishi kinaweza kubeba uzito ambao kitenzi cha utendaji hakiwezi kuubeba. Kezilahabi aliiita riwaya yake *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), naye Said Ahmed Mohamed akaiita yake *Dunia Mti Mkavu* (1980). Katika majina yote mawili "ni" imedondoshwa, kama idondoshwavyo katika methali, na dunia inakabidhiwa sifa yake kana kwamba jambo hilo halina ubishi.

Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alichagua njia nyingine katika *Walenisi* (1995). Jina hilo limefumwa kwa maneno matatu: wale, ni, sisi. Kishirikishi kimewekwa katikati kabisa, na kukiondoa ni kuibomoa nchi nzima anayoifikia Dzombo akitoka katika utawala dhalimu. Wahakiki wengi huyapita maana ya jina hilo kama fumbo dogo la kufurahisha, wakakimbilia maudhui. Mimi naona hoja ya riwaya imo humo. Mkangi hakuandika kwamba wale wamekuwa sisi, au wamegeuka sisi, kauli ambazo zingehitaji wakati na mchakato. "Ni" haina njeo. Nayo inatenganishwa na kanusho lake kwa konsonanti moja tu: wale si sisi, kauli ambayo ndiyo itikadi ya utawala ule alioukimbia Dzombo.