Upepo wa Tairi: Namna Msafara Ulivyovuka Mchanga wa Sharqiya

Msafiri atokaye Maskati kwa njia ya Ibra, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 200, hufika Bidiya, ambako mashamba ya mitende na jangwa vimekaribiana kama majirani. Na kwa kuwa eneo hilo la Sharqiya ndilo asili ya jamaa nyingi ambao wazee wao waliishi Unguja na Pemba, si ajabu kwamba katika misafara ya magari yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne ilalayo mchangani usiku wa Ijumaa, husikika Kiswahili katika redio za mkononi sawasawa na Kiarabu. Mintarafu ya namna msafara mmoja wa aina hiyo ulivyoingia na kutoka salama, wengi watasifu nguvu za injini. Nami naona kwamba jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa pale penye kituo cha mafuta, tairi zilipopunguzwa upepo, kabla gurudumu hata moja halijakanyaga mchanga.

Yafaa kwanza kulijua umbo la nchi. Mchanga huu, ambao zamani ukijulikana kwa jina la Wahiba, una urefu wa takriban kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa kilomita 80 hivi, na upande wake wa kaskazini umejipanga katika matuta marefu yaelekeayo kusini, mengine yakifikia kimo cha mita 100, huku baina ya tuta na tuta pakiwa na bonde pana lililo wazi. Aliyeyapanga ni upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyasukuma majahazi ya Unguja kurudi Maskati. Basi aendaye kusini kwa kufuata bonde hupata njia nyepesi, ilhali atakaye kukata kwenda mashariki au magharibi hukabiliwa na tuta moja baada ya jingine. Na tadbiri ya kiongozi wa msafara ilikuwa kulifuata bonde kwa muda mrefu, hata alipoona mahali tuta liliposhuka kimo, ndipo akavuka.

Sasa tuje kwenye tairi, ambako ndiko kwenye ilimu yenyewe. Gari lililobeba maji, mafuta na mahema huweza kufika kilo 2,500, maana yake kila tairi hubeba kilo 625. Likiwa na upepo wa barabarani, yaani paundi 35 kwa inchi ya mraba, ambazo ni kadiri ya kilo 2.5 kwa sentimita ya mraba, tairi hilo hukanyaga eneo la sentimita za mraba 250 tu. Likipunguzwa hadi paundi 15, eneo hilo hukaribia 600. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwani ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini muradi wake ni dhahiri: gari ni lile lile na injini ni ile ile, ila kila sentimita ya mraba ya mchanga imebebeshwa mzigo chini ya nusu ya ule wa awali. Tena wengi hukosea wakidhani kwamba faida iko katika upana, kumbe tairi lililopunguzwa upepo hurefuka zaidi kuliko linavyotanuka. Na urefu huo ndio uliozuia gurudumu lisisukume rundo la mchanga mbele yake, likawa kila mara linapanda kilima kidogo lilichojitengenezea lenyewe. Mwingereza Wilfred Thesiger, ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal nchini Kenya, aliuvuka mchanga huu mwaka 1949 kwa ngamia, mnyama ambaye wayo wake hupanuka kila aukanyagapo.

Lakini upepo ukipunguzwa kupita kiasi, tuseme chini ya paundi 12, kona moja ya ghafla yatosha kuling'oa tairi kwenye rimu. Kwa hiyo madereva waliusiwa wageuze usukani pole pole, wasikanyage breki kwa nguvu, bali waliachie gari lisimamishwe na mchanga wenyewe, na kila asimamaye asimame mahali paelekeapo chini, maadamu kuondoka hapo ni kwepesi.

Juu ya tuta ndipo penye hatari, kwa sababu upande mmoja hupanda kwa upole na wa pili huporomoka kwa mwinamo wa nyuzi 33 hivi, nao hauonekani mpaka pua ya gari imekwisha kufika kileleni. Ilibidi kila mmoja apande kwa kasi ya kutosha, akiwa amelielekeza gari moja kwa moja kwenye tuta wala si kwa upande, kisha aachie mafuta karibu na kilele ili avuke taratibu. Wala hakuna aliyepanda kabla aliyemtangulia hajasema katika redio kwamba ameshuka na kuondoka njiani. Kila gari lilikuwa na bendera juu ya ufito mrefu, hata mtu aliye nyuma ya tuta akatambulika kabla ya kuonekana. Mjuzi wa njia alitangulia, na mjuzi wa pili, mwenye kamba na sepeto, akafunga mkia. Wageni wakawekwa kati. Wako wapendao kumweka mgeni nyuma kabisa eti apate kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa, nami siafiki, kwani anayezama mkiani hana wa kumwona.

Na kuzama kulikuwapo. Mzee mmoja alipungukiwa na mwendo katikati ya mpando, akaongeza mafuta, magurudumu yakazunguka pale pale yakachimba, hata tumbo la gari likalala juu ya mchanga. Kijana aliyekuwa nyuma akamwambia katika redio, "Ami, tafadhali usikanyage tena," na adabu ile iliyochanganyika na haraka iliokoa kazi ya saa nzima, kwa kuwa kila mzunguko wa ziada huliongezea shimo kina. Wenye pupa walikwisha kutoa kamba. Kiongozi akawakataza: mchanga wa chini ya tumbo ukaondolewa kwanza kwa sepeto, njia ya magurudumu ikalainishwa, upepo ukapunguzwa zaidi kidogo, na gari likarudi nyuma kwa nguvu zake lenyewe, likizifuata alama zake, ambazo zilikwisha kushindiliwa. Kamba ya nailoni inayonyumbuka ni chombo kizuri, lakini huweka nguvu nyingi ndani yake inapotanuka. Ikifungwa kwenye kile kibonge cha chuma cha kukokotea trela, nacho kikakatika, huruka na kuua, na watu wamekwisha kufa kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali. Mahali pake ni ndoano iliyofungwa kwenye chasisi, na watazamaji wasimame mbali.

Kambi haikuhitaji hekima nyingi: bondeni, mbali na alama za magurudumu ili asije dereva wa usiku akawakanyaga waliolala, magari yakiwa ukingo dhidi ya upepo, na kuni zilizoletwa kutoka mjini, kwani miti ya ghafu, iliyo hai kwa unyevu mchache wa umande na wa chini ya ardhi, si ya kukatwa. Waliondoka mapema, mchanga ukingali na ubaridi na umande uliokuwa umeushikamanisha.

Huko Bidiya kazi ya mwisho ilikuwa kujaza upepo, nayo haifai kuahirishwa, kwa kuwa tairi laini likikimbizwa barabarani hujikunja mno ubavuni, likapata joto na kupasuka. Waliojaza mara tu walipotoka mchangani walipata kipimo cha tairi lenye moto, ambacho huzidi kile cha tairi baridi. Hivyo wakaambiwa wapime tena nyumbani asubuhi, kabla ya kuliondoa gari.